Wi-Fi ya nyumbani: maswali yanayoulizwa mara kwa mara kuhusu usalama wake na mtandao unaokatikakatika

Karibu kila anayeniomba msaada wa Wi-Fi huja na moja kati ya kauli mbili: "Kuna mtu anaiba mtandao wangu" au "Mtandao wangu unakatika." Nimezoea kuzisikiliza pamoja. Mtandao ukisuasua, mwenye nyumba humshuku jirani. Hubadilisha nenosiri, na kesho yake shida iko palepale, kwa sababu mwizi hakuwepo. Palikuwa na adapta iliyochoka au kebo iliyobanwa. Kinyume chake pia hutokea: mtandao unakwenda vizuri kabisa huku mlango wa ruta, kile kifaa kinachorusha Wi-Fi nyumbani, uko wazi kwa yeyote. Ndiyo maana majibu haya yanachanganya mambo yote mawili, na ndiyo maana nitarudia ombi lilelile: pima kwanza, kisha badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja.

Mtandao unasumbua. Nianzie wapi?

Anza kwa kuugawa. Data yako husafiri safari mbili. Ya kwanza ni kutoka kwenye simu au kompyuta hadi kwenye ruta, hewani. Ya pili ni kutoka kwenye ruta kwenda nje, kwa mtoa huduma na kwingineko. Wi-Fi ni ile safari ya kwanza tu. Watu wengi husema "Wi-Fi imekatika" wakati Wi-Fi ni nzima na kilichokatika ni huko nje. Wengine humpigia mtoa huduma kila wiki wakati shida iko kati ya chumba cha kulala na sebule.

Kuzitenganisha si kazi ngumu. Chukua kompyuta, iunganishe na ruta kwa kebo, kisha zima Wi-Fi ya kompyuta hiyo. Tatizo likibaki vilevile, Wi-Fi haina kosa. Likiisha, unajua pa kutafuta.

Kwa matatizo yanayokuja na kuondoka, mimi hutumia amri ya ping, ambayo hutuma ujumbe mfupi na kupima muda wa kujibiwa. Fungua madirisha mawili ya kuandikia amri. La kwanza lielekeze kwenye ruta yako, kwa mfano ping 192.168.1.1. La pili lielekeze nje, kwa mfano ping 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google. Kwenye Windows ongeza -t mwishoni ili isisimame baada ya mara nne. Yaache yote mawili yaendelee huku ukifanya shughuli zako, na mtandao ukisumbua tazama ni dirisha lipi limeharibika. Ruta iliyo karibu hujibu kwa milisekunde chache. Kama ruta inajibu kwa milisekunde 3 na dirisha la nje limenyamaza, usihangaike na antena wala chaneli. Kama ruta yenyewe mara inajibu kwa milisekunde 3, mara kwa milisekunde 400, mara haijibu kabisa, tatizo liko hewani, ndani ya nyumba yako. Hapo dirisha la nje nalo litayumba, lakini hilo limefuata mkumbo tu.

Andika saa kila tatizo linapotokea. Karatasi yenye nyakati sita au saba zilizoandikwa ina thamani kuliko maelezo marefu, na utaihitaji baadaye.

Sina kompyuta yenye tundu la kebo. Nipimeje?

Simama mita 2 kutoka kwenye ruta, bila ukuta katikati, ujaribu kwa simu. Tatizo likiisha ukiwa hapo, ni la umbali au vizuizi. Likiendelea, fungua ukurasa wa mipangilio ya ruta kwenye kivinjari cha simu: ukifunguka haraka huku tovuti nyingine zote zimekwama, safari ya nje ndiyo mbovu.

Anwani ya ukurasa huo naipata wapi?

Mara nyingi imebandikwa chini au nyuma ya ruta. Kama haipo, tazama maelezo ya mtandao kwenye simu yako na utafute anwani ya lango (gateway). Kwa kawaida ni 192.168.0.1, 192.168.1.1 au inayofanana nazo.

Nikizima ruta na kuiwasha, mtandao unarudi. Kwa nini, na niendelee hivyo hivyo?

Kuzima na kuwasha husafisha kumbukumbu ya ruta, huipoza kidogo na huilazimisha ichague chaneli upya na kujitambulisha tena kwa mtoa huduma. Kwa mwezi mara moja, sawa. Ukifanya hivyo kila siku, kuna ugonjwa unaoufunika.

Ingia kwenye ukurasa wa ruta utafute mstari unaoonyesha imewaka kwa muda gani. Huu ni mstari ambao watu hawautazami, nami huutazama kabla ya kitu kingine chochote. Niliwahi kuitwa kwenye nyumba ambayo familia ilikuwa imeshabadilisha nenosiri mara tatu kwa kumshuku mpangaji wa jirani. Mstari ule ulisema ruta imewaka kwa dakika 14, na hakuna aliyeigusa tangu asubuhi. Ruta ilikuwa inajizima na kujiwasha yenyewe. Nilishika adapta ya umeme: ilikuwa ya moto, na plagi yake iliingia kwenye ruta kwa kulegea kiasi kwamba ukiitikisa kidogo taa zote zinazimika. Tulipata adapta nyingine yenye volti zilezile na ampea zisizopungua za ile ya awali, na shida ikaisha siku hiyohiyo.

Kuhusu adapta, naomba uwe makini. Volti lazima zilingane kabisa na zilizoandikwa kwenye ruta, na upande wa chanya na hasi wa plagi ulingane pia. Ampea zinaweza kuzidi lakini zisipungue. Adapta ya volti 12 kwenye ruta ya volti 5 itaiunguza.

Kama muda wa kuwaka ni wiki nzima na bado mtandao unakatika, basi si umeme. Gusa ruta yenyewe. Kama ina joto kali, itoe kabatini, isipangwe juu ya modemu (kifaa kinachoingiza mtandao wa mtoa huduma) au king'amuzi, na matundu yake yapumue.

Ruta niiweke wapi?

Katikati ya eneo unalolitumia, juu kidogo, mahali wazi. Mahali pabaya kuliko pote ndipo inapowekwa mara nyingi: nyuma ya runinga, ndani ya kabati, au sakafuni kwenye kona ambako kebo inaingilia. Chuma hurudisha mawimbi na maji huyanyonya, kwa hiyo friji, tangi la samaki, kioo kikubwa cha kujitazamia na ukuta wa zege lenye nondo vyote ni maadui. Mlango wa mbao si tatizo kubwa.

Antena iliyosimama wima hutawanya mawimbi kwa upana, pande zote kuizunguka, na hutoa kidogo sana kuelekea juu na chini. Kwa nyumba ya chini, zisimamishe wima. Kwa nyumba ya ghorofa, laza moja.

Usitegemee vile vistari vya simu. Zipo programu za bure zinazoonyesha nguvu ya mawimbi kwa dBm, namba yenye alama ya kutoa mbele. Karibu na -50 ni safi kabisa. Hadi -67 hivi unaweza kupiga simu ya video bila wasiwasi. Ukipita -75 utaanza kuona kukwama, na kwenye -80 na zaidi simu inaweza kuonyesha imeunganishwa lakini haifanyi kitu. Zunguka nyumba nzima na simu mkononi, andika namba ya kila chumba, kisha sogeza ruta mita moja au mbili urudie. Nimeona chumba kikitoka -78 hadi -64 kwa sababu tu ruta ilihamishwa kutoka nyuma ya runinga kwenda juu ya rafu iliyo karibu.

Nitumie GHz 2.4 au 5?

Hizi ni bendi mbili za mawimbi ya Wi-Fi. GHz 2.4 hufika mbali na hupenya kuta vizuri zaidi, lakini ni barabara yenye msongamano. Bluetooth iko humo, maikrowevu hutoa kelele humohumo, na majirani wote wako humo. Vifaa vya USB 3 navyo hutoa kelele kwenye masafa hayo: diski ya nje iliyochomekwa kando ya ruta inaweza kudhoofisha mtandao, na ukiisogeza nusu mita tu mambo hutulia. GHz 5 ina nafasi kubwa na kasi zaidi, lakini huchoka haraka ikikutana na kuta. Kwa hiyo vifaa vilivyo karibu viweke kwenye 5, vya mbali au vya zamani kwenye 2.4.

Kwenye 2.4 kuna jambo watu hukosea kwa nia njema. Bendi imegawanywa katika chaneli, nazo zimebanana kiasi kwamba kila moja huingilia jirani zake. Ni tatu tu zisizogusana: 1, 6 na 11. Mtu huona chaneli 6 imejaa, akahamia 8 akidhani amekimbia. Ukweli ni kwamba sasa anapigiwa kelele na walio kwenye 6 na walio kwenye 11 pia, na yeye anawaharibia wote. Walio kwenye chaneli moja angalau husikilizana na kupeana zamu. Walio nusunusu husikiana kama kelele tupu. Chagua moja ya hizo tatu, yenye majirani wachache au wenye mawimbi hafifu, na upana wa chaneli uwe MHz 20. Upana wa 40 kwenye bendi hii unakula karibu nusu ya barabara.

Kwenye GHz 5, kama mtandao hupotea kwa dakika moja hivi kisha kurudi wenyewe, tazama namba ya chaneli. Chaneli za 52 hadi 144 katika nchi nyingi hutumiwa kwa pamoja na rada. Ruta ikisikia rada, au ikidhani imeisikia, inalazimika kuhama mara moja, na kabla ya kuanza kutumia chaneli nyingine ya aina hiyo husikiliza kwanza kwa sekunde 60 au zaidi. Seti chaneli 36, 40, 44 au 48 na kero hiyo itaondoka.

Kila nikipima kasi napata megabiti 94, wakati nalipia zaidi. Naibiwa?

Swali hili nalipenda, kwa sababu namba yenyewe ndiyo jibu. Mtandao uliozidiwa au unaoibiwa hupanda na kushuka: 40, 120, 65. Namba isiyosogea hata kidogo, 93, 94, 94, inaonyesha kuna mahali njia imebanwa. Kebo ya mtandao ina nyaya nane ndani yake, jozi nne. Kasi ya gigabiti inahitaji jozi zote nne. Kasi ya megabiti 100 inahitaji mbili tu. Uzi mmoja wa zile jozi mbili nyingine ukikatika, vifaa vya pande mbili havilalamiki. Vinakubaliana kimyakimya kushuka hadi 100, na ukitoa gharama za usafirishaji unabaki na kama 94.

Nilihangaika siku mbili na kisa cha namna hii kabla ya kufuata kebo kwa vidole, hatua kwa hatua, kutoka ukutani hadi kwenye ruta. Nyuma ya kitanda, mguu wa kitanda ulikuwa umesimama juu yake. Kwa nje ganda lilikuwa limebonyea tu. Tulibadilisha kebo, na kipimo kilichofuata kikapita 280.

Kagua kebo kabla ya kulaumu mtu. Inayofaa huandikwa Cat 5e au Cat 6 ubavuni. Na kumbuka kwamba kasi hutajwa kwa megabiti, huku kompyuta ikipakua faili huonyesha megabaiti. Gawa kwa 8 kabla ya kukasirika.

Mtu mmoja akipakia picha au video, sisi wengine simu zetu za video zinaganda. Kasi si ndogo. Kuna nini?

Kuna foleni. Modemu na ruta nyingi zina nafasi kubwa ya kuhifadhi data inayosubiri kutoka. Simu inapopakia mamia ya picha, inajaza foleni hiyo, na sauti yako, ambayo ni vipande vidogo visivyotaka kuchelewa, inasimama nyuma ya picha zote. Hakuna kinachopotea, ila kila kitu kinachelewa. Utaona ping ya nje ikitoka milisekunde 20 hadi 600 upakiaji unapoanza, na kurudi 20 unapokwisha.

Kununua kasi kubwa zaidi mara nyingi hakutibu hili. Kinachotibu ni ruta inayojua kupanga foleni kwa haki. Tafuta kwenye mipangilio jina SQM, CAKE au fq_codel. Kwenye ruta nyingine ni sehemu ya kupanga vipaumbele inayoitwa QoS. Weka kikomo cha kupakia na kupakua kuwa asilimia 85 hadi 90 ya kasi unayoipata kweli, ili foleni ikae kwenye ruta yako yenye akili badala ya kwenye modemu isiyo nayo. Utapoteza kasi kidogo kwenye vipimo, lakini nyumba nzima itapumua.

Ninunue ripita?

Ripita ya kawaida yenye redio moja hupokea na kurusha kwa redio hiyohiyo, kwa hiyo kasi hupungua kama nusu. Na watu huiweka kwenye chumba ambacho mtandao haufiki, ambako nayo haisikii kitu cha kurudia. Iweke katikati ya njia, mahali ambapo mawimbi bado ni mazuri. Kama unaweza kuvuta kebo hadi upande wa pili wa nyumba na kuweka kituo kingine cha Wi-Fi huko, hilo linashinda ripita na linashinda hata mifumo ya vituo vingi isiyotumia kebo. Kebo moja inaweza kufika mita 100.

Ni kifaa kimoja tu kinachosumbua.

Basi iache ruta. Sahaulisha mtandao kwenye kifaa hicho na uuingize upya, sasisha programu zake, zima hali ya kubana matumizi ya umeme kwenye kadi ya Wi-Fi ya kompyuta. Anwani yake ikianza na 169.254, imeomba anwani kwa ruta na haikujibiwa. Tazama pia saa na tarehe: kifaa chenye tarehe ya miaka iliyopita hukataa kufungua tovuti salama, nawe utadhani mtandao umekufa.

Tuje kwenye usalama. Mtu akiingia kwenye Wi-Fi yangu, atafanya nini zaidi ya kutumia data?

Data ni hasara ndogo. Akiwa ndani anaona vifaa vyako kutoka upande ambao havijilindi sana: printa, kamera, runinga, diski ya familia. Chochote atakachofanya mtandaoni kitaonekana kimetoka kwenye anwani yako. Na ninaloliogopa zaidi: anaweza kuingia kwenye ukurasa wa ruta, kama bado una nenosiri la kiwandani, na kubadilisha seva ya DNS, ile inayotafsiri majina ya tovuti kuwa anwani. Hapo unaandika jina sahihi la tovuti unapelekwa pengine.

Hilo limeshatokea kwa ukubwa. Programu hasidi ya DNSChanger ilifanya hivyo kwenye kompyuta zaidi ya milioni 4 duniani, na ilijaribu pia manenosiri ya kiwandani ya ruta, kabla ya wahusika kukamatwa mwaka 2011.

Nenosiri zuri ni lipi?

Yako mawili, na watu huyachanganya. Moja ni la kujiunga na Wi-Fi. Jingine ni la kuingia kwenye ukurasa wa ruta. Yawe tofauti, na hilo la pili lisibaki lile la kiwandani.

Kwa la Wi-Fi, urefu ndio nguvu. Kwenye WPA2, mfumo wa ulinzi wa Wi-Fi, anayekuvizia hahitaji kusimama nje ya nyumba yako akijaribu nenosiri moja baada ya jingine. Anarekodi salamu za kifaa kimoja kinapojiunga, sekunde chache tu, kisha anakwenda nazo nyumbani na kompyuta yake inakisia mamilioni kwa mamilioni bila wewe kujua. Nenosiri la herufi nane lenye jina la mtoto na mwaka wa kuzaliwa halifiki mbali. Mfumo unaruhusu herufi 8 hadi 63. Tumia nafasi hiyo. Maneno matano yasiyohusiana, mfano wa ngazi-pamba-radi-kijiko-tembe, ni rahisi kumsomea mgeni na ni magumu kukisiwa, mradi uyachague kwa kubahatisha kweli, kwa kufungua kamusi macho yamefumbwa, na si kwa kupenda. Huo mfano wangu usiutumie.

Badilisha pia jina la mtandao lililotoka kiwandani. Jina huchanganywa na nenosiri wakati wa kutengeneza ufunguo, na kwa majina yaliyozoeleka wadukuzi wana orodha zilizokwisha kukokotolewa. Usiweke jina lako wala namba ya nyumba.

WEP, WPA, WPA2, WPA3: nichague ipi?

Hizi ni njia za kuulinda mtandao wa Wi-Fi. Chagua WPA3 kama vifaa vyako vyote vinaikubali; la sivyo ile ya mchanganyiko wa WPA2 na WPA3, au WPA2 yenye AES, njia imara ya kusimba data. Nyingine zote ziache. WEP ya mwaka 1997 ilivunjwa hadharani mwaka 2001. WPA ya 2003 ilikuwa kiraka cha muda, ikafuatwa na WPA2 mwaka 2004. WPA3, iliyotoka 2018, inaziba lile tundu la kurekodi salamu na kukisia ukiwa mbali.

Hapa ndipo usalama na kasi vinapokutana. Ukiona kwenye ruta yako chaguo la TKIP, njia ya zamani ya kusimba data, liondoe. Ni dhaifu, na kiwango cha Wi-Fi kimekataza kasi za kisasa kutumika pamoja nalo, kwa hiyo kifaa hushuka hadi megabiti 54 kwa sekunde hata ruta iwe mpya kiasi gani. Nimewahi kuongeza kasi ya nyumba nzima kwa kubadilisha mstari huo mmoja.

Kile kitufe cha WPS cha kujiunga bila nenosiri kina ubaya?

Kitufe chenyewe si kibaya sana. Kibaya ni PIN ya tarakimu 8 inayoambatana nacho. Mwaka 2011 mtafiti wa usalama Stefan Viehböck alionyesha kwamba ruta huithibitisha PIN hiyo kwa nusu mbili: kwanza tarakimu nne, kisha tatu, na ya mwisho ni ya kuhakiki tu. Badala ya kukisia mara milioni nyingi, mshambuliaji anahitaji mara 11,000 tu, na nenosiri lako refu halimzuii hata kidogo. Zima WPS yote.

Nikificha jina la mtandao, au nikiruhusu vifaa fulani tu kwa anwani zao za MAC (namba za utambulisho wa vifaa), niko salama?

Hapana. Jina lililofichwa hutajwa hewani kila kifaa kinapojiunga, na simu yako italazimika kuliulizia kila unakokwenda. Anwani ya MAC huonekana wazi na hunakiliwa kwa dakika moja. Utajiongezea kazi wewe na wageni wako, na mdukuzi hatajali.

Kwenye orodha ya ruta naona kifaa nisichokijua.

Usikimbilie kumgongea jirani. Simu za kisasa, kuanzia iOS 14 na Android 10, hujitungia anwani ya MAC ya bandia kwa kila mtandao, kwa hiyo simu yako mwenyewe inaweza kuonekana kama mgeni asiye na jina. Balbu, printa na runinga huandikwa kwa majina ya watengenezaji wa chipu zao. Zima vifaa vyako kimoja kimoja ukitazama orodha. Kilichobaki bila mwenyewe, badilisha nenosiri la Wi-Fi na uone nani atalalamika. Kama hakuna anayelalamika na kifaa hakirudi, alikuwa mgeni kweli.

Wageni na kamera za bei rahisi niwaweke wapi?

Kwenye mtandao wa wageni. Ruta nyingi zinao. Unawasha, unaupa nenosiri lake, na unahakikisha mipangilio hairuhusu aliyemo kuviona vifaa vya mtandao mkuu. Kamera, balbu, runinga na kila kifaa ambacho mtengenezaji wake anaweza kukisahau baada ya mwaka mmoja nakiweka huko. Mwaka 2016 programu hasidi ya Mirai iliteka kamera na ruta kwa wingi kwa kujaribu orodha fupi tu ya majina na manenosiri ya kiwandani, takribani 60. Hapakuhitajika ujanja wowote mkubwa.

Kusasisha programu ya ruta kuna umuhimu gani?

Mkubwa kuliko karibu kila kitu kilichotangulia, baada ya nenosiri. Mwaka 2017 mtafiti wa usalama Mathy Vanhoef alichapisha udhaifu wa WPA2 uitwao KRACK. Nenosiri, hata liwe refu vipi, halikuwa tiba, tiba ilikuwa kusasisha vifaa. Mwaka uliofuata, programu hasidi ya VPNFilter ilikutwa kwenye vifaa visivyopungua 500,000 katika nchi 54, vingi vikiwa ruta za nyumbani na za ofisi ndogo zenye matundu yaliyojulikana tayari. Washa usasishaji wa moja kwa moja kama upo. Kama mtengenezaji ameacha kutoa masasisho ya ruta yako, panga kuibadilisha, hata kama bado inafanya kazi.

Ukiwa humo, zima usimamizi wa ruta kutoka nje ya nyumba, na uzime UPnP, inayoruhusu vifaa vya ndani kujifungulia njia kwenye ruta, isipokuwa kuna mchezo au kifaa kinachoihitaji kweli.

Kubadilisha DNS kwenda 1.1.1.1 au 8.8.8.8 kutasaidia?

Kunasaidia jambo moja: kama tovuti hukawia kuanza kufunguka, au hazifunguki kabisa, huku ping 8.8.8.8 inajibu vizuri. Hiyo ni dalili kwamba seva ya DNS ya mtoa huduma imezidiwa. Hakutaongeza nguvu ya mawimbi wala kasi ya kupakua.

Nimesahau nenosiri la ukurasa wa ruta.

Kuna tundu dogo nyuma lenye kitufe ndani. Kibonye kwa sindano au klipu ya karatasi kwa kama sekunde 10 huku ruta imewaka, hadi taa zibadilike. Lakini subiri kwanza. Hatua hiyo hufuta kila kitu, pamoja na jina na nenosiri ambalo ruta hutumia kujitambulisha kwa mtoa huduma. Zipate kwanza mkononi, la sivyo utakuwa umefungua mlango wa chumba kisicho na umeme. Na siku mambo yakiwa mazuri, piga picha kurasa zote za mipangilio uzihifadhi.

Nimepima, tatizo liko nje. Nimwambie nini mtoa huduma?

Ukisema "mtandao ni mbovu", utaambiwa uzime ruta na kuiwasha. Soma karatasi yako badala yake: "Nimeunganisha kompyuta kwa kebo, Wi-Fi imezimwa. Ruta inajibu kwa milisekunde 1 bila kukosa. Nje inakatika. Jumatatu saa 2:10 usiku kwa dakika 4, Jumanne saa 2:25 kwa dakika 6, Alhamisi saa 2:05 kwa dakika 5. Ruta imewaka kwa siku 9 bila kuzimika. Kebo nimebadilisha." Kisha omba namba ya malalamiko uiandike kwenye karatasi hiyohiyo, na uendelee kuandika saa hadi fundi aje.